Nafaka, Mkaa na Uani: Historia ya Sufuria ya Dar es Salaam

Jioni ikiingia, kuanzia Tandika na Mbagala upande wa Temeke hadi Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, chakula kinachopikwa hakitofautiani sana nyumba kwa nyumba. Ni ugali wa sembe kwa maharage au dagaa, na mchicha, matembele au kisamvu pembeni. Siku mfuko ukiruhusu, ni wali wa nazi na samaki. Mwenye nyumba huenda ni Mzaramo, mpangaji wa chumba cha mbele Mhehe, wa chumba cha nyuma Msukuma na wa banda la uani Mmakonde, lakini wote wanakula kitu kimoja kwa vionjo vinavyopishana kidogo tu. Tumezoea kukiita chakula cha asili, kana kwamba kila kabila lilikuja nacho mjini kikiwa tayari sufuriani.

Hoja ya makala haya ni kwamba chakula hicho kilitengenezwa mjini humu humu, kwa sehemu kubwa ndani ya karne moja, na kwamba mambo matatu ndiyo yaliyokiumba: nani aliyeamua nafaka ipi ifike mjini, moto gani ulipatikana wa kupikia, na nani aliyekuwa na muda na nafasi uani. Ladha ilikuja baadaye. Ikishakuja, ikawa na nguvu ya kugomea hata serikali, kama tutakavyoona, lakini mwanzo haukuwa wake.

Kijiji cha Mzizima na reli, hadi 1914

Kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga kando ya bandari katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima. Wazaramo na Washomvi wa eneo hilo walilima mtama, mpunga wa mabondeni, muhogo, kunde na mbaazi, walivua, na walikuwa na minazi yao. Wali si mgeni Pwani hata kidogo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga, na achari ya ndimu na embe. Kwa hiyo umbo la mlo wetu, yaani shibe nyingi katikati na kitoweo kidogo chenye ladha kali kando yake, lina zaidi ya miaka 600. Kilichobadilika ni kile kinachojaza nafasi hizo mbili.

Hapa msomaji wa Pwani ana haki ya kupinga: babu zetu walikula ugali, sasa mji umeutengeneza vipi? Walikula, ni kweli, lakini ulikuwa wa mtama na wa muhogo. Mahindi na muhogo vyote viwili vilitoka Amerika baada ya mwaka 1500, vikapita mikononi mwa Wareno, na mahindi yalikaa muda mrefu yakiwa zao moja miongoni mwa mengi. Ugali mweupe, laini, wa unga uliokobolewa mashineni, unaoliwa kila siku mwaka mzima na watu wa makabila yote, ni kitu kingine. Kuuita kwa jina lile lile kunatuficha umbali uliopo kati ya sufuria mbili hizo.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza hapa mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Historia ya reli hii husimuliwa kwa habari za majeshi, katani na pamba, na jikoni husahaulika, ilhali jikoni ndiko ilikoacha alama ambayo hadi leo haijafutika. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hukaushwa juani, hawahitaji barafu, ni wepesi kusafirisha, na gunia lao hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Kwa mtu anayelala chumba kimoja na asiye na pa kuhifadhi samaki mbichi, hapakuwa na kitoweo kinachomfaa kuliko hicho. Samaki wa Bahari ya Hindi alikuwa karibu zaidi, lakini alitaka anunuliwe na kupikwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana katika mji wa Pwani, wenye bahari mlangoni, dagaa wa ziwa lililoko zaidi ya kilomita elfu moja wakapata nafasi ya kudumu mezani.

Posho, 1916 hadi 1947

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Jengo la soko lililoachwa na Wajerumani lilitumiwa kwanza kwa wapagazi wa jeshi, na mwaka 1923 likafunguliwa kuwa soko la Kariakoo. Wapagazi wale, na baada yao vibarua wa bandari, reli na mashamba ya katani, walilishwa kwa posho. Mwajiri anayelisha mamia ya watu hatafuti ladha. Anatafuta nafaka inayopimika, inayokaa guniani, inayosagwa kwa mashine na kuiva haraka. Mtama huandamwa na ndege shambani, tena unataka kutwangwa. Muhogo mbichi ni mzito na huharibika siku chache baada ya kung'olewa. Mchele ulikuwa ghali. Mahindi yakashinda kwa hesabu hiyo, na mfanyakazi aliyetoka kwenye nchi ya mtama, ya ndizi au ya muhogo akajikuta anakula mahindi kwa sababu ndiyo aliyolipwa.

Hata weupe wa unga una sababu zake. Walowezi wa Kenya walipanda mahindi meupe yaliyotoka Afrika Kusini, kama aina ya Hickory King, kwa sababu wanunuzi wa Uingereza waliotengeneza wanga viwandani waliyapendelea. Viwango vya biashara ya nje vikawa viwango vya soko la ndani, na kizazi kilichokulia kwenye posho kikajifunza kwamba unga mzuri ni ule mweupe.

Vita vya pili vya dunia viliukaza mkanda huo. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, nchi iliyokuwa ikiuza mchele mwingi kuliko zote duniani ilitoka sokoni. Ukame wa miaka ile ukapunguza mavuno ya Afrika Mashariki. Mwaka 1943 chakula kikaanza kugawiwa mjini kwa vipimo, na mgawo ukapangwa kwa rangi: ngano ya Mzungu, mchele wa Mhindi na Mwarabu, unga wa Mwafrika. Mtu wa Pwani ambaye wazee wake walipika wali karne na karne akaandikwa katika daftari la serikali kuwa mla unga. Huu kwangu ndio mwaka mzito kuliko yote katika habari hii, kwa sababu kile kilichokuwa desturi ya waajiri kilifanywa kuwa sheria ya mji mzima, na chakula kikawa alama ya daraja la mtu. Heshima ya wali katika nyumba zetu, wali wa Idi, wali wa mgeni, wali wa Jumapili, ilikuwepo kabla ya hapo, lakini nashawishika kwamba mgawo ule uliizidisha, maana uliufanya wali kuwa kile ambacho Mwafrika amenyimwa. Makuli wa bandarini waligoma mwaka huo huo wa 1943, wakagoma tena mwaka 1947, na safari hii mgomo ukasambaa hadi bara kwa njia ya reli. Mshahara waliodai haukutenganishika na bei ya chakula.

Nyumba ya vyumba sita, 1947 hadi 1967

Baada ya vita mji ulipasuka kutoka Kariakoo na Ilala ukaelekea Magomeni, Temeke na Kinondoni. Serikali ilipima viwanja na kujenga baadhi ya nyumba, lakini nyingi zilijengwa na wenyewe kwa ramani ambayo bado tunaijua: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani penye choo, bafu na mahali pa kupikia. J. A. K. Leslie, aliyefanya utafiti wa mji mwaka 1956 na 1957 na kitabu chake kikatoka 1963, alikuta watu wa makabila mengi wakipanga chini ya paa moja. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742. Wengi walikuwa vijana, na wanaume waliwazidi wanawake, lakini miaka ile wanawake walizidi kuja, wengine wakifuata waume na wengine wakijitafutia wenyewe.

Uani ndipo chakula cha Dar kilipozaliwa, na wanawake ndio waliokizaa. Posho ilileta unga, lakini haikumfundisha mtu kutia tui la nazi kwenye maharage. Mwanamke wa Kinyamwezi au wa Kihehe alijifunza kukalia mbuzi na kukuna nazi kwa kumtazama jirani yake wa Kizaramo. Huyo jirani naye akajua kupika mlenda na kutia karanga kwenye mboga. Wahindi wa mjini walileta bizari, chapati na namna ya kukaanga kitunguu hadi kiwe rangi ya kahawia kabla ya kitu kingine chochote, na pilau, ya Waarabu na Wahindi, ikaingia kwenye shughuli za kila dini. Kisamvu kilikuwa cha watu wa muhogo, na kikikutana na tui kikawa cha wote. Hakuna kijiji kimoja Tanganyika ambacho mlo huo, kwa ukamilifu wake, ungepatikana siku moja.

Jiko lenyewe lilichangia. Kwenye nyumba ya wapangaji, mafiga matatu na kuni vina moshi mwingi na hula nafasi. Jiko la mkaa linabebeka, kila mpangaji ana lake, na mvua ikinyesha huingizwa koridoni. Lakini jiko hilo lina moto mmoja tu, na mpishi hulazimika kupanga foleni ya sufuria. Maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi hutangulia, kwa kuwa yanataka moto mrefu. Yakiiva hutengwa pembeni, ziungwe nyanya na kitunguu, kisha yarudishwe na tui. Mboga hufuata, nayo ni ya dakika chache. Ugali husongwa mwisho, makaa yakiwa bado na nguvu, ili uliwe wa moto. Siku ya wali mambo hugeuka: tui jepesi huchemshwa na chumvi, mchele huingia, tui zito humiminwa maji yakikaribia kukauka, mfuniko huwekwa, na makaa hupaliwa juu yake huku machache yakibaki chini. Wali hukauka kwa joto la pande mbili, punje zikaachana, na ukoko mwembamba ukashika chini. Mbinu hiyo ya kupalia inafaa mkaa kuliko moto mwingine wowote, na ndiyo iliyofanya wali wa nazi uwe ufundi wa kujivunia kwenye nyumba zisizo na tanuri.

Unga wa serikali, 1967 hadi 1984

Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo watu walilifupisha kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, NMC, liliundwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Hapo awali lilisaga. Katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa ndilo linalonunua, kusafirisha, kuagiza na kuuza nafaka ya nchi. Ukame wa 1973 hadi 1975, ukikutana na mtikisiko wa kuhamishia watu vijijini, uliilazimu nchi kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai.

Hatua mbili za kipindi hicho ziliupangia mji chakula kwa namna ambayo wengi hawaihusishi na sahani zao. Ya kwanza ilikuwa bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Ruvuma au Rukwa alilipwa sawa na wa Morogoro, gharama ya safari ikibebwa na shirika, kwa hiyo mikoa ya nyanda za juu kusini ikawa ghala la Dar es Salaam. Barabara ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, vikatoa njia. Hatua ya pili ilikuwa ruzuku ya sembe: mlaji wa mjini aliuziwa unga chini ya gharama yake. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 356,286 mwaka 1967, na mwaka 1978 walikuwa 843,090. Watu karibu nusu milioni walioongezeka katika miaka kumi na moja waliukuta mji ambao sembe ni rahisi kuliko chakula kingine chochote cha kushibisha, tena imeshakobolewa na kusagwa. Kwa mwanamke aliyetoka kwenye kinu na mchi, hilo lilikuwa saa kadhaa za maisha yake zilizorudishwa mikononi mwake kila siku. Wataalamu wa lishe walisema, na wako sahihi, kwamba kukoboa kunaondoa kiini na ganda, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini. Lakini dona huchacha upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini, na unga unaosafirishwa mbali na kukaa ghalani ulipaswa kuwa sembe. Mahitaji ya ghala yakawa ladha ya nyumba.

Kisha sembe nayo ikaadimika. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni vilileta foleni za alfajiri kwenye maduka ya kaya, mtu akiacha jiwe lishike nafasi yake. Unga, sukari, mchele, sabuni na mafuta ya kula vilitoka kwa kipimo au chini ya meza. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na pia wa Nguvu Kazi, operesheni iliyowaondoa mjini watu waliohesabiwa hawana kazi. Wakati huo huo bonde la Msimbazi na kila kipande cha ardhi kilicho wazi kilikuwa kinaota mchicha na matembele, na mabanda ya kuku yakaongezeka uani. Mboga za majani zilizokuwa nyongeza ya kitoweo zikawa ndizo kitoweo.

Mahindi ya njano ya msaada yalifika katika miaka hiyo, na wanaoshikilia kwamba chakula ni suala la ladha tangu mwanzo wanayo hapa hoja yao bora. Watu wenye njaa waliunung'unikia unga ule. Waliubatiza unga wa Yanga kwa rangi ya jezi za klabu, wakaula kwa sababu haukuwepo mwingine, na wakauacha mara tu mweupe uliporudi. Kwa lishe haukuwa na kasoro, tena una karotini ambayo mweupe hauna. Je, hii haithibitishi kwamba Mtanzania alichagua ugali mweupe kwa hiari yake? Nadhani inathibitisha kwamba kufikia 1980 ladha hiyo ilikuwa imekomaa na kuwa ya watu wenyewe. Haithibitishi kwamba ilikuwepo kabla ya posho. Nusu karne ya kula unga mweupe ilitosha kuwafanya watu wauone mwingine kuwa chakula cha mifugo, na kuanzia hapo serikali na wafadhili walipaswa kuwafuata walaji.

Mchana unatoka nyumbani, 1984 hadi 2000

Bajeti ya Juni 1984 iliondoa ruzuku ya sembe na kulegeza biashara ya bidhaa kutoka nje. Bei ya unga iliruka. Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 na nchi kutiliana mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, wafanyabiashara binafsi wa nafaka walirudi kazini hadharani. Maduka yalijaa, lakini mishahara ilikuwa imeporomoka hata haiwezi kulisha nyumba kwa mwezi. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti wake Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka hiyo, alionyesha jinsi kaya zilivyoacha kutegemea mshahara wa baba zikategemea miradi, na mingi ya miradi hiyo ilikuwa ya wanawake na ya kupika: maandazi, vitumbua, chapati, samaki wa kukaanga, na sahani za mchana za mama ntilie.

Matokeo yake kwa mlo wa nyumbani hayajatazamwa vya kutosha. Mwanamke aliyekuwa uani saa sita mchana sasa alikuwa gengeni, sokoni au mlangoni pa kiwanda kwenye Barabara ya Pugu, akiwapikia wengine. Mji nao ulikuwa umetanuka: mtu wa Mbagala au Kimara hawezi kurudi kula nyumbani na kuwahi kazini. Mlo wa mchana wa siku za kazi ukahama kwa mama lishe, au ukaondolewa kabisa na watu wakapiga pasi ndefu hadi usiku. Nyumbani chakula cha usiku kikawa ndicho chakula chenyewe, saa pekee ambayo familia yote ipo, na ndiyo maana kinaandaliwa kwa shibe kubwa ambayo kwingineko huwekwa mchana. Jumapili, na Ijumaa kwa nyumba nyingi za Kiislamu, mchana ulirudishiwa hadhi yake kwa wali au pilau.

Wapo wanaosema kwamba mama lishe ndiye aliyeua upishi wa nyumbani. Siafikiani nao. Sahani ya mama lishe ya wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki ni ile ile ya uani, kwa mkono ule ule, na wateja humpima kwa kigezo cha nyumbani. Alichofanya ni kuubeba mlo wa nyumbani hadi mahali ambako nyumba haikuweza kufika. Kama kuna kitu kilichobadilisha ladha ya kizazi cha baadaye ni chipsi, mayai na mafuta mengi ya kukaangia, ambavyo havikutokana na uani wala havihitaji saa mbili za maharage.

Soko huria pia liliupa mji masoko yake ya pembeni. Tandale ikawa mahali pa mchele na mahindi ya jumla, Manzese pa mashine za kukoboa na kusaga, Mabibo pa ndizi na matunda, na Temeke Stereo, Tandika na Buguruni vikalisha upande wao. Mchele wa Kyela, Ifakara na Shinyanga, maharage ya Mbeya na nyanya za Iringa vilifika kwa malori bila kupitia ghala la serikali. Wali, uliotengwa na mgawo wa 1943 na kubanwa na ruzuku ya sembe, ukarudi kuwa chakula cha katikati ya wiki. Kutoka masoko hayo bidhaa zikakatwa vipande vidogo hadi kwenye genge la mtaa: nyanya kwa fungu, mafuta ya kupima, unga kwa kibaba, mkaa kwa kopo. Mwenye kipato cha siku anapika kwa bajeti ya siku, hata kama mwishoni mwa mwezi analipa zaidi kuliko anayenunua gunia.

Moto, 2001 hadi sasa

Nafaka ikishapatikana, tatizo lilihamia chini ya sufuria. Kati ya mwaka 2001 na 2007 sehemu ya kaya za Dar es Salaam zilizotegemea mkaa kama nishati kuu ya kupikia ilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba mji huu peke yake ulichoma karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Ni kinyume cha kilichotarajiwa, maana mji unaokua ulidhaniwa utaachana na mkaa. Mafuta ya taa, yaliyowaka kwenye majiko ya tambi ya wapangaji wengi, yalizidi kupanda bei, na bajeti ya 2011 ikayamaliza: ushuru wake ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi karibu 400 ili kuzuia watu wasiyachanganye kwenye dizeli. Lengo lilikuwa kulinda injini za magari. Jikoni, matokeo yake yalikuwa kumrudisha mwenye chumba kimoja kwenye gunia la mkaa lililotoka misitu ya Pwani, Morogoro na mbali zaidi.

Gesi ya mitungi ilienea zaidi katika muongo uliofuata, hasa mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake. Upishi ukaanza kugawanyika kwa moto. Chai, mayai, mchuzi wa haraka na mboga vinapikwa kwa gesi. Maharage, kisamvu, makande na nyama ngumu vimebaki kwenye mkaa, kwa kuwa saa mbili za gesi zinatisha mfuko. Wali wa kupalia unapungua, na wengi huumaliza kwa moto mdogo uliofunikwa vizuri. Kazi nyingine za uani zimehamia mtaani na kuwa biashara za watu wengine: nazi hukunwa kwa mashine sokoni, kisamvu huuzwa kimeshatwangwa, na maharage huuzwa yamechemshwa tayari, yakisubiri kuungwa tu. Anayenunua maharage hayo ananunua muda na mkaa wa mwenzake, na kwa mama anayeshuka kwenye daladala saa moja ya usiku hilo ndilo linaloamua kama nyumba itakula maharage au chipsi.

Jambo hili nadhani linawajibu pia wanaodhani nguvu hizi tatu zilikuwa za zama za uhaba tu. Mji wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 una maduka yaliyojaa, na bado swali la nini kitakachopikwa usiku huamuliwa na bei ya moto na saa ya kurudi nyumbani kuliko mapenzi ya mlaji. Serikali imelitambua hilo kwa upande wa moto. Rais Samia Suluhu Hassan aliongoza mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia Novemba 2022, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zikatakiwa ziachane na kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi na majiko vimegawiwa katika mikoa mingi.

Upungufu wa mpango wowote wa namna hii ni kuuhesabu mtungi uliogawiwa kana kwamba ni chakula kilichopikwa. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kiasi cha mlo mmoja, na gesi hununuliwa kwa mtungi mzima. Mita zinazomwezesha mtu kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu zimejaribiwa Dar es Salaam, na zinagusa kiini cha jambo kuliko ugawaji wa mitungi, kwa sababu zinafuata mfuko wa siku ambao genge limeuzoea kwa miaka 40. Kwa nyumba za Bunju, Chamazi na Mbagala, kinachosubiriwa kujulikana ni bei ya kuujaza mtungi mara ya pili, na kama bei hiyo itaruhusu sufuria ya maharage kukaa juu yake saa mbili.